KUUNGANISHA SAUTI ZA KITABU BILA YA KUZIPUNGUZA

Baadhi ya ndugu wanaohudhuria darasa zetu wametuuliza mas-ala ambayo siku hizi yametokea katika nyumba nyingi. Mtu anacho kitabu kilichosomwa kwa sauti, nacho kimegawanywa mafaili thalathini au arubaini, kila mlango una faili lake. Ataka yawe faili moja, ili mzee wake aliyepungukiwa na nuru ya macho abonyeze mara moja tu, kisha asikilize mpaka mwisho bila ya kumwita mtoto kila mlango unapokwisha. Jee, yawezekana kuyaunganisha mafaili hayo bila ya sauti kupungua uzuri wake? Na ikiwa yawezekana, mbona wengine waliojaribu walitoka na sauti iliyofifia, kama kwamba msomaji asoma ndani ya mtungi?

Jawabu yetu kwa ufupi ni hii: yawezekana, wala sauti haipungui hata chembe moja, lakini kwa sharti. Sharti lenyewe ni kwamba mafaili yaunganishwe kama yalivyo, yasibanwe mara ya pili. Mwenye kulifahamu sharti hili pamoja na sababu yake hatadanganywa na programu yoyote, kwani programu hubadilika kila mwaka, na sababu haibadiliki. Kwa hivyo tutaanza na sababu, kisha tuje kwenye kitendo.

1. SAUTI HUWEKWAJE NDANI YA FAILI

Kompyuta haijui sauti, yajua hisabu. Katika sahani ya CD, sauti ya kila sekunde moja hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Na kwa kuwa kuna njia mbili, ya sikio la kulia na ya kushoto, jumla yake ni biti 1,411,200 kwa kila sekunde. Ukizidisha utaona kwamba saa moja yapita baiti milioni 635. Kitabu cha saa kumi kitakula zaidi ya baiti bilioni 6.

Uzito huu ndio uliowafanya wataalamu watafute njia ya kuibana sauti. Huko Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer ya mji wa Erlangen, Karlheinz Brandenburg na wenzake walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1993, na jina la MP3 ambalo leo lajulikana na kila mtoto likachaguliwa mwaka 1995.

Njia yao imejengwa juu ya udhaifu wa sikio. Sikio la mwanaadamu halisikii kila kitu: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, kama vile mtu anenaye kwa unyonge asivyosikika panapopita lori. MP3 huyatupa yale ambayo sikio hudhaniwa halitayasikia, na yaliyobakia huyaandika kwa biti chache. Faili la kilobiti 128 kwa sekunde ni kama sehemu moja katika kumi na moja ya ile sauti ya CD, na saa yake moja ni baiti milioni 57.6 tu.

Kutokana na haya yapasa kufahamu mambo mawili, na juu yake yajengwa yote tutakayosema.

La kwanza ni kwamba kilichotupwa kimetupwa. Faili la MP3 halikikumbuki, wala hapana programu iwezayo kukirudisha kama kilivyokuwa.

La pili ni kwamba faili la MP3 si kipande kimoja kirefu. Ni vipande vidogo vidogo vilivyopangwa safu moja, na kila kipande huitwa fremu. Katika faili lililopimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila fremu hubeba vipimo 1,152, yaani sauti ya kiasi cha sehemu 26 katika elfu ya sekunde, na mbele yake pana maneno machache ya kueleza namna ilivyobanwa. Saa moja ina fremu kama 137,800. Na kwa kuwa ni vipande, vyaweza kupangwa nyuma ya vipande vingine bila ya kufunguliwa.

2. KUJALIDI NA KUNAKILI

Chukua mfano wa kitabu cha karatasi. Una juzuu kumi zilizoandikwa kwa mkono, nawe wataka ziwe kitabu kimoja. Zipo njia mbili. Ya kwanza, wampelekea mwenye kujalidi. Yeye huzipanga, akazishona, akazitia jalada moja. Hapana herufi iliyoguswa. Njia ya pili, wamwita mwandishi akae azinakili zote upya katika daftari moja kubwa. Nayo itatoka kitabu kimoja, lakini nukta itaruka hapa, neno litasahauliwa pale, na mwenye kunakili kutoka kwa nakala hiyo ataongeza makosa yake juu ya makosa ya mwenziwe.

Mafaili ya sauti ni vivyo hivyo. Iko programu ijalidiyo: huzichukua fremu za faili la kwanza, kisha za pili, kisha za tatu, ikazipanga kama zilivyo. Na iko programu inakiliyo: huyakunjua mafaili yote yakawa sauti tupu, halafu ikaibana sauti hiyo mara nyingine. Katika kubana huko hutupwa tena vitu, na safari hii vyatupwa kutoka katika sauti ambayo tayari ilikuwa imekwisha kupunguzwa.

Waliodiriki zama za kaseti hawahitaji dalili zaidi. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, na huku kwetu mwambao zimerikodiwa ndani yake darasa nyingi na mashairi mengi. Mtu huazima kaseti ya mwenziwe akainakili, na jirani akainakili ile nakala. Kufika nakala ya nne, mvumo wa utepe ulikuwa ukishindana na maneno. Katika MP3 khasara haiji kwa mvumo. Huja kwa kufifia na kuchuruzika. Herufi kama s, sh, th na f hutegemea sauti nyembamba za juu, na katika kubana kwa biti chache, sauti hizi ndizo za mwanzo kukatwa. Katika hadithi ya kuburudisha huenda msikilizaji asijali. Lakini katika somo la lugha, ambapo tafauti ya neno na neno ni tafauti ya sin na tha, khasara hiyo imefika kwenye maana yenyewe.

3. MASHARTI KABLA YA KUUNGANISHA

Mwenye kujalidi hawezi kushona pamoja karatasi ndogo na kubwa zikakaa sawa. Vivyo hivyo mafaili yatakayounganishwa yapasa yawafikiane kwa haya:

(a) Aina. Yote yawe MP3, au yote yawe AAC. Na aina haijulikani kwa jina lililoandikwa mwishoni. Sauti zinazorikodiwa ndani ya WhatsApp ni za aina ya Opus. Ukizibadilisha jina ukaziita MP3 hazigeuki MP3, kama vile gunia la mtama lisivyogeuka mchele kwa kuandikwa mchele.

(b) Hisabu ya vipimo kwa sekunde. Faili la 44,100 lisichanganywe na la 22,050 au la 48,000.

(c) Njia za sauti. La njia moja, yaani mono, lisichanganywe na la njia mbili, yaani stirio.

(d) Kiasi cha biti kwa sekunde. Hapa pana wepesi, kwani kila fremu hujieleza yenyewe. Yakitafautiana kwa hili peke yake, aghlabu yatasikika salama, lakini simu huenda ikakosea kuhisabu urefu wa kitabu. Bora yawe sawa.

Mambo haya yote yaweza kutazamwa. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, huyaonyesha katika sehemu ya maelezo ya faili.

Mfano mzuri wa mafaili yanayowafikiana ni yale ya LibriVox. Hawa ni jamaa wa kujitolea, walioanzishwa na Hugh McGuire mwaka 2005, ambao husoma kwa sauti vitabu ambavyo haki zake za uchapishaji zimekwisha katika sharia za Marekani, kisha wakavitoa bure. Kila mlango ni faili mbali, nao huwataka wasomaji wao wote wafuate kipimo kimoja: MP3 ya kilobiti 128, vipimo 44,100, njia moja. Vitabu vyao hutolewa pia kwa kilobiti 64. Basi mwenye kuvichukua na achague kiasi kimoja tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho, asichukue nusu huku na nusu kule. Amma vitabu ambavyo haki yake ingalipo, kuviunganisha si ruhusa ya kuvigawa; mali ni ya mwenyewe.

4. KITENDO CHENYEWE

Programu tunayoipendekeza ni FFmpeg. Ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ni ya bure, nayo hufanya kazi katika kompyuta za Windows, za Apple na za Linux. Haina picha wala vidude vya kubonyeza. Huamrishwa kwa maandishi. Hilo lisimtishe mtu, kwani amri yenyewe ni mstari mmoja.

Kwanza: nakili mafaili yote ya asili uyaweke mahali pengine, ufanye kazi juu ya nakala. Jambo hili lisiakhirishwe.

Pili: yape mafaili majina mepesi ya tarakimu, yenye hisabu sawa ya nafasi: 01.mp3, 02.mp3, 03.mp3, mpaka mwisho. Baadhi ya programu hupanga majina kwa herufi moja moja, hata ikawa 10 yatangulia 2. Na wako walioziunganisha kwa mpango huo, mlango wa kumi ukafuata wa kwanza, wasigundue ila baada ya siku.

Tatu: andika faili la maandishi, uliite orodha.txt, uliweke pamoja na yale ya sauti. Ndani yake kila mstari utaje faili moja, kwa utaratibu unaoutaka:

file '01.mp3'
file '02.mp3'
file '03.mp3'

Nne: fungua dirisha la amri mahali pale yalipo mafaili, uandike:

ffmpeg -f concat -i orodha.txt -c copy kitabu.mp3

Neno concat laiambia programu kwamba yapo mafaili ya kuunganishwa, na orodha.txt ndiyo yenye kuyataja. Kitabu.mp3 ni jina la faili litakalotoka. Amma -c copy ndiyo roho ya amri yote: maana yake ni "nakili kama ilivyo". Ukiyasahau maneno haya, programu haitalalamika. Itabana sauti yote upya bila ya kukuuliza. Alama ya kujua ni muda. Kujalidi kitabu cha saa kumi humalizika kwa sekunde chache. Ukiiona kompyuta yafanya kazi kwa dakika nyingi, jua kwamba imo katika kunakili, uisimamishe.

Wako wanaoyabandika mafaili moja nyuma ya jingine kwa amri ya kunakili ya Windows yenyewe. Sauti ya MP3 kwa njia hiyo haipungui, lakini vibandiko vya majina vya kila faili hubakia katikati ya kitabu, na mara nyingi lile daftari dogo la mwanzo huendelea kutaja urefu wa mlango wa kwanza tu. Ndipo simu ikaonyesha dakika ishirini katika kitabu cha saa kumi, na ukitaka kuruka mbele ikapotea. FFmpeg huandika daftari jipya, kwa hivyo ni salama zaidi.

5. MAMBO YANAYOTATIZA

Huenda mtu akasema: "Mimi nitabana upya, lakini kwa kilobiti 320, basi sauti itakuwa bora kuliko ya mwanzo." Hili ni kosa kubwa, na wengi wameangukia ndani yake. Tui jepesi halirudi kuwa zito kwa kuhamishiwa chungu kikubwa. Faili la kilobiti 64 likibanwa upya kwa 320 litakuwa kubwa mara tano, na ndani yake hapana ila kile kilichokuwamo, tena kimepungua.

Na mwengine akasema: "Nimeunganisha kwa Audacity, wala sikusikia tafauti." Twasema: Audacity ni programu nzuri kwa kusafisha na kurekebisha sauti, lakini haina njia ya kuitoa MP3 ila kwa kuibana upya. Kwa mara moja, na kwa biti nyingi, huenda sikio lako lisitambue. Lakini faili lako litakwenda kwa mwengine, naye atafanya vivyo hivyo, na wa tatu vivyo hivyo, na hapo ndipo tulipokuwa na kaseti.

Mlango mmoja ukiwa umekhalifu kipimo, kwa mfano ni stirio na wenzake ni mono, usiwabane wote kwa sababu yake. Itafute asili ya mlango huo. Ikikosekana, ubane huo peke yake, mara moja, kwa biti zisizopungua za wenzake. Milango mingine thalathini na tisa ibakie salama.

Ikiwa baadhi ya milango sauti yake ni ndogo na mingine kubwa, kuunganisha hakutibu hilo. Ipo programu iitwayo MP3Gain, nayo hubadilisha ukubwa wa sauti kwa kugeuza tarakimu iliyomo ndani ya kila fremu, kwa hatua za desibeli 1.5, bila ya kubana upya. Itumie kabla ya kuunganisha.

Kati ya mlango na mlango huenda pakasikika kimya kidogo sana, cha sehemu chache katika mia ya sekunde. Hicho chatokana na namna MP3 ianzavyo na ikomavyo. Kwa kitabu hapana ubaya, kwani msomaji mwenyewe hupumzika kuliko hapo.

Na ambaye angali anayo sauti ya asili isiyobanwa, ya aina ya WAV, au iliyobanwa bila ya kupoteza kitu, ya aina ya FLAC iliyotolewa mwaka 2001, basi na aunganishe hizo kwanza, kisha abane MP3 mara moja tu mwishoni. Huyo ndiye mwenye njia bora kuliko zote.

Kuhusu faili la aina ya M4B, ambalo hubeba milango na alama zake ndani, ni zuri kwa vitabu. Lakini aghlabu sauti iliyomo ndani yake ni AAC. Kwa hivyo mwenye mafaili ya AAC na aitumie, na mwenye MP3 na abakie na MP3, kwani kuhamia huko kwa kawaida ni kubana upya. Badala ya alama, na aandike fihirisi katika karatasi: mlango wa pili waanza dakika kadha, wa tatu dakika kadha. Hisabu yake ni kujumlisha urefu wa milango iliyotangulia.

6. KUHAKIKISHA, NA KUHIFADHI ASILI

Kazi haikwishi faili linapotoka. Jumlisha urefu wa mafaili yote, ulinganishe na urefu wa lile moja. Zisitafautiane ila kwa sekunde moja au mbili. Tazama uzito wake pia, uwe karibu na jumla ya mafaili yake. Kisha sikiliza kila kiungo, sekunde kumi kabla na kumi baada yake. Kwa milango arubaini hiyo ni kazi ya dakika kumi na tano, nayo yatosha kukujulisha kama mlango umerukwa au umerejewa mara mbili.

Baada ya hayo mtu husema: "Sasa ninalo moja, yale arubaini nitayafuta nipate nafasi." Hapa ndipo tunapowasihi ndugu zetu wasimame. Kitabu cha kupatikana kwa kila mtu kikipotea, kitachukuliwa tena. Lakini katika nyumba zetu zimo sauti zisizo na mfano wake: mwalimu aliyesomesha kitabu kizima jioni hata jioni, bibi aliyesimulia khabari za mtaa, mshairi aliyesoma tungo zake kwa kinywa chake. Wengi wao wamekwisha kwenda zao, na kilichobakia ni yale mafaili yaliyotolewa katika kaseti, na pengine kaseti zenyewe zimekwisha kuoza kwa joto na chumvi ya bahari. Akiyabana upya mtu asiyejua kwa kilobiti 32 ili yawe mepesi kutumwa, kisha akayafuta ya asili, ameipunguza sauti ile kwa vizazi vyote vitakavyokuja, wala hapana wa kuombwa aisome tena.

Basi faili lililounganishwa liwe la kusikiliza, na yale ya asili yawe ya kuhifadhi. Yawekwe mahali pawili mbalimbali, kwa watu wawili, si katika simu moja ambayo yaweza kuanguka kisimani. Saa kumi za kilobiti 64 ni baiti milioni 288 tu. Hazishindi picha na video tunazozihifadhi bila ya kuzitazama.

KHULASA

Mafaili ya MP3 ni fremu zilizopangwa, kwa hivyo yaunganishika bila ya kufunguliwa. Kila kubana upya ni kupunguza, na kilichopungua hakirudi. Kabla ya kuunganisha, tazama aina, vipimo, njia na biti. Katika amri usisahau -c copy. Baada yake pima urefu, sikiliza viungo, na asili usiifute.

Ndugu atakayeshindwa na jambo katika haya na aje darasani na mafaili yake, tuyatazame pamoja. Na aliye na kaseti za wazee ambazo bado hazijatolewa, asingoje.